Mashine ya Jikoni na Bwana Feruzi Asiyegusa MP3

Juzi nilipopita studio kuwasalimia, mmoja wenu aliniuliza kwa nini ile kompyuta ya zamani iliyoko stoo imeandikwa JIKONI kwa rangi ya kucha. Mwenzake akamjibu kabla yangu kwamba labda ilikuwa ya mpishi. Nikacheka, nikaondoka, lakini nilipofika nyumbani Katubuka nikaona si vizuri. Nimestaafu, sijafa, na ile rangi ya kucha ilikuwa yangu. Kwa hiyo naandika. Mtakaosoma mkiwa zamu, tafadhali msiache hewa ikanyamaza kwa ajili yangu.

Mimi ni mtu wa Upare. Kigoma nililetwa na ndoa. Mume wangu, Baba Nakunda, ni bwana samaki wa serikali, na alipohamishiwa huku nilimfuata na cheti changu cha umeme na mtoto mgongoni. Ndugu zangu walinipa pole kama mtu anayepelekwa vitani. Nilipoonja mgebuka wa kuchoma, samaki wa ziwa hili, nikaacha kuwaandikia malalamiko.

Redio yetu ilikuwa ndogo kuliko mnavyoijua. Vyumba vilikuwa hivi hivi, ila dari lilivuja na studio ilikuwa na magodoro ukutani badala ya hizo sponji zenu nyeusi. Tulitangaza vifo, harusi, hali ya ziwa, bei ya dagaa na watoto waliopotea sokoni Mwanga, hii ya hapa mjini, si ya kwetu Upare. Meneja alikuwa Mwalimu Ntahondi, Muha wa Kasulu aliyefundisha hesabu maisha yake yote. Aliongoza redio kama darasa: ukichelewa, unasimama nyuma. Asubuhi alimwamkia kila mtu kwa Kiha, hata mimi nisiyejua zaidi ya kuitikia.

Fundi mkuu alikuwa Bwana Feruzi, mzaliwa wa Ujiji. Alikuwa mwembamba, mpole, na koti lake la kazini lilipigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata karatasi. Ufundi aliuanzia kwenye kibanda cha kutengeneza redio pale Mwanga, akajisomea kompyuta mwenyewe kwenye mtandao wa simu uliokuwa ukilia kama bata. Siku yangu ya kwanza kama msaidizi wake alinikabidhi kompyuta iliyojaa vumbi jekundu na brashi ya kupakia rangi.

"Hapa kompyuta haziuawi na virusi," aliniambia. "Zinauawa na vumbi, na umeme unaporudi kwa hasira. Safisha feni kwanza, ndipo uulize maswali."

Nilipokuwa nasafisha, yeye ndiye aliyeuliza.

"Unaiba?"

Nikamwambia mimi ni Mlutheri.

"Sikuuliza dini, nimeuliza kompyuta. Programu unazotumia, unazo kwa ruhusa au kwa CD za sokoni?"

Wakati huo sikujua hata kwamba programu zina mwenyewe. Alivuta kiti akanifundisha. Studio yetu, alisema, inatumia Linux, mfumo wa kompyuta ulioandikwa na watu wengi duniani na kuachwa wazi: unaruhusiwa kuutumia, kuufungua uone ndani, kuubadilisha na kumpa jirani. Lakini Linux ina matoleo mengi, na wanaoyatengeneza hawapatani. Wako wanaosema, weka chochote kinachofanya kazi. Wako wanaosema, kisiingie hata kipande kimoja kilichofungwa au chenye mwenyewe. Toleo la Bwana Feruzi lilikuwa la hao wa pili, tena wale wa safu ya mbele.

Kuishi na toleo safi si mchezo, vijana. Kadi yetu ya Wi-Fi ilihitaji kipande kidogo cha programu ambacho kiwanda kilikataa kukionyesha kwa watu. Bwana Feruzi akakataa kukiweka. Matokeo yake ni ule waya mrefu uliopita darini, ukashuka kwenye korido, ukamkwaza kila mgeni wa heshima aliyetutembelea. Mkuu mmoja wa idara alianguka nao. Bwana Feruzi alimwinua, akampangusa suruali, akamweleza kuhusu uhuru wa programu mpaka yule mkubwa akasahau alichojia.

Kadi ya Wi-Fi ilivumilika. Vita yenyewe ilikuwa ya MP3.

Leo MP3 ni kitu cha kawaida kama chumvi, lakini wakati ule ilikuwa na hataza. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi, kwamba kwa muda fulani hakuna mwingine anayeruhusiwa kutumia uvumbuzi wake bila idhini. Njia ya kuubana wimbo mpaka ukawa faili dogo la MP3 ilikuwa na hataza katika nchi za watu, na wenye hataza walitaka kulipwa. Kwa hiyo matoleo safi ya Linux yaliitoa MP3 kabisa, yakaweka mahali pake aina nyingine ya faili iliyo huru, inayoitwa Ogg. Ilisikika vizuri tu. Tatizo lake lilikuwa moja: Kigoma nzima hapakuwa na mtu aliyekuwa nayo.

Bwana Feruzi alibandika karatasi mlangoni: HATUPOKEI MP3. Mama Zaituni, muuza mawese aliyekuja kutangaza mzigo wake mpya, alisimama mbele ya karatasi ile akarudi hatua nyuma.

"Ugonjwa huo," aliniuliza, "unaambukiza?"

Wa kwanza kuumia alikuwa Deo, mtangazaji wetu wa muziki. Deo alikuwa na sauti nene na mdomo mrefu. Vijana wa Rusimbi walimletea nyimbo zao kwenye flashi, zote MP3, na Bwana Feruzi akazirudisha zote kwa adabu. Deo akabaki anapiga nyimbo za CD chache tulizokuwa nazo. Wasikilizaji wakaanza kupiga simu kuuliza kama mtangazaji amefiwa.

Wa pili walikuwa wakubwa zaidi. Ijumaa tulikuwa na mawaidha ya Shekhe wa msikiti wa jirani, na Jumapili mahubiri ya Mchungaji wa kanisa la Mwanga. Wote wawili walianza kujirekodi kwa vifaa vidogo vya kisasa, na wote wakaleta MP3. Ikatokea wakafika siku moja, wakakaa benchi moja pale korido, kila mmoja na flashi yake mkononi. Mimi nilikuwa nakaza skrubu karibu nao, na nakiri kwamba skrubu ile ilikuwa imeshakaza zamani.

"Bwana Feruzi," Shekhe alianza, "mawaidha haya nimeyatoa msikitini, na mdomo nimeusafisha. Haramu imeingilia wapi?"

"Si maneno, Shekhe. Ni chombo. Umeleta asali kwenye kopo la mtu. Mwenye kopo akilidai, asali tutaimwaga wapi?"

Mchungaji akainama mbele. "Na huyo mwenye kopo yuko wapi?"

"Ulaya."

"Basi mpaka afike Kigoma tutakuwa tumeshaila."

Shekhe alicheka mpaka kofia ikasogea. Bwana Feruzi hakucheka, ila niliona masharubu yake yakipigana naye. Aliwaomba radhi, akawapa chai, na flashi akawarudishia. Wale wazee walitoka wakiwa marafiki. Walikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Ntahondi kumshtaki fundi wake.

Mwalimu akaitisha kikao. Tulikuwa sisi wanne, pamoja na hakimu mmoja mstaafu aliyekuwa akitufanyia kipindi cha sheria. Deo alisimama akasema redio isiyopiga nyimbo za watu si redio, ni saa ya ukutani. Hakimu akaeleza kwa utaratibu kwamba hataza ni ya nchi iliyoitoa, na kwa alivyoangalia yeye, hataza hizo hazikuwa zimesajiliwa kwetu. Hakuna askari ambaye angekuja kumkamata Deo kwa kupiga wimbo. Deo akapiga meza kwa furaha.

Ndipo Bwana Feruzi akaomba kusema.

"Mheshimiwa Hakimu, sheria umeisema sawa. Mimi siogopi askari. Kabla huyu mama hajaja, tulikuwa tunatumia programu ya kigeni kupangia matangazo, nzuri sana, ina rangi. Asubuhi moja ikaandika kwenye kioo kwamba muda wake umekwisha, ikajifunga. Matangazo yote ya vifo yalikuwa humo ndani. Tulihangaika nayo kutwa nzima. Mzee mmoja alizikwa Kalinzi siku hiyo, na kaka yake yuko hapa Ujiji, redio iko wazi mezani, hana habari. Alikuja kuniuliza kwa nini hatukumwambia. Nilimjibu nini? Kwamba ufunguo uko kwa mtu ng'ambo?"

Hata Deo alitazama viatu vyake.

"Ndiyo maana sitaki kitu chenye mwenyewe kwenye mashine inayorusha matangazo," alimaliza. "Leo hataza haifiki hapa. Kesho nani ajuaye. Nataka mashine ambayo naweza kumnakilia mtu wa Bujumbura au wa Kalemie bila kumtafutia ruhusa wala wakili."

Mimi nilikuja kwenye kikao kile nikiwa upande wa Deo. Nilitoka nisijue niko upande gani, na sijajua mpaka leo.

Mwalimu Ntahondi alifikiri kama anayetafuta jibu la mlinganyo, kisha akatoa hukumu. Mashine ya hewani itabaki safi kama fundi anavyotaka. Lakini itawekwa mashine nyingine pembeni, isiyounganishwa na hiyo ya hewani, na hiyo itakuwa na toleo lisilochagua. MP3 zote zitaingilia huko, zigeuzwe kuwa Ogg, ndipo ziende hewani.

"Na nani ataigusa?" Bwana Feruzi akauliza.

Wote wakanitazama mimi.

Ndivyo nilivyokuwa najisi rasmi wa kituo. Nilileta kompyuta yetu ya nyumbani, nikaiweka kwenye chumba cha pembeni, nikaiandika JIKONI, kwa kuwa chakula kikishafika mezani watu hawana tabia ya kwenda kukagua sufuria. Bwana Feruzi alikubali jina, akakataa kiti. Katika miaka yote ile hakuwahi kuketi mbele yake. Siku moja umeme ulirudi nikiwa nje, na kioo kikawa kinadai mtu abonyeze kitufe ili mashine iendelee. Nilimkuta Bwana Feruzi amesimama mlangoni, amenyoosha mkono, anabonyeza kwa mpini wa brashi.

Hapa nitegeeni sikio, maana ni la kazi. Faili la sauti likishabanwa mara moja, ukiligeuza kwenda aina nyingine inayobana, linapoteza tena. Kila mapishi hupunguza ladha. Mwanzoni nilipika kwa haraka, na nyimbo zikatoka kama mwimbaji ana mafua. Deo alinilalamikia hewani, wasikilizaji wakisikia. Nikajifunza kuomba rekodi ya asili kwa mwenyewe kabla haijabanwa, na kutosogeza sauti juu kupita kiasi. Mpaka leo msigeuze faili mara mbili ikiwa mara moja inatosha.

Tulienda hivyo kwa muda mrefu, tukizoeana. Deo alinitungia wimbo wa kunitania kuhusu mpishi wa Kipare asiyetia chumvi. Shekhe na Mchungaji waliniletea flashi zao bila kupitia kwa Bwana Feruzi, wakinong'ona kana kwamba tunafanya magendo, na nadhani walifurahia hivyo.

Kisha ikaja siku ya boti.

Baba Nakunda alikuwa amekwenda vijiji vya kusini kukagua nyavu, na alikuwa anarudi na boti ya abiria. Upepo ukaamka na boti haikufika. Kesho yake asubuhi haikufika. Simu zake zote hazikupatikana, na kule mtandao ulikuwa shida hata siku njema. Nilikwenda kazini kwa sababu nyumbani kuta zilikuwa zinanisogelea. Mchana uwanja wa redio ulikuwa umejaa watu wenye ndugu kwenye boti ile, wamekaa chini, hawapigi kelele. Mama Zaituni alikuwepo. Mwanawe Hamisi alikuwa ndani ya boti na madumu yao ya mawese. Deo alikaa hewani tangu asubuhi akisoma yale machache tuliyoyajua, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akitania.

Alasiri alikuja mvuvi mmoja kutoka upande wa Sigunga, kusini huko, aliyetangulia na mtumbwi wa injini. Boti imepata hitilafu, alisema, imesukumwa ufukweni, watu wameshuka. Watu wakamzunguka, kila mmoja anataja jina la wake. Akainua simu juu ya kichwa.

"Siwajui kwa majina," alisema. "Wamejirekodi humu wenyewe, mmoja mmoja."

Deo aliweka wimbo, akachomoa kadi ya kumbukumbu kwenye ile simu, akakimbia nayo Jikoni. Nikaichomeka. Faili lilikuwepo, ukubwa wake unaonekana, lakini halikufunguka. Lilikuwa la aina ile ambayo simu za wakati huo zilitumia kurekodi maongezi, nayo ilikuwa na hataza zake, na hata toleo langu lisilochagua halikuwa nayo. Ilibidi kupakua kipande kutoka mtandaoni, na mtandao tangu upepo ule ulikuwa umekatika. Nikajaribu kubadili jina la faili, jambo ambalo nilijua halisaidii. Vidole vyangu vilikuwa vinabonyeza herufi mbili kwa pamoja. Deo alikuwa nyuma yangu anasema jaribu hivi, jaribu vile, na nje nilisikia watu wakiuliza kuna nini.

Bwana Feruzi akaja mlangoni. Akanitazama, akatazama kioo.

"Simu yenyewe iko wapi?" aliuliza.

Mvuvi alikuwa nayo korido. Bwana Feruzi aliomba kadi, akairudisha ndani ya simu, akaingia nayo studio. Alikaa kwenye kiti cha Deo, akasogeza spika ya simu karibu na maikrofoni, akaniashiria nifungue hewa. Nikafungua. Akabonyeza kitufe cha simu kwa kidole chake mwenyewe.

Kwanza ulisikika upepo, kisha mtu akikohoa, kisha mtu akitaja jina lake na la baba yake. Nje redio ya mlinzi ilikuwa imefunguliwa mwisho, na ukapanda ukelele mmoja kutoka walipokaa ndugu zake. Akafuata mwingine. Mwanamke akataja jina lake na kusema mtoto yuko salama, ana homa kidogo tu. Wa nne au wa tano alikuwa Baba Nakunda, kwa sauti ile ile anayotumia kusomea ripoti za samaki:

"Mama Nakunda, mimi mzima. Funguo za kabati ninazo mimi. Usivunje."

Alikuwa sahihi, nilikuwa nimeshatafuta nyundo. Nilikaa chini pale pale sakafuni, mgongo kwenye magodoro ya ukuta, nikalia bila sauti kwa sababu maikrofoni ilikuwa wazi. Bwana Feruzi alinipa leso yake bila kugeuka, mkono mwingine ukiwa bado umeshika simu.

Sauti zikaendelea, na kila moja ilikuwa na watu wake pale nje. Mama Zaituni alikuwa amesogea mpaka kwenye kioo cha studio, ameweka kiganja juu yake. Walisema wote, Hamisi bado. Rekodi ikawa upepo mtupu, na Bwana Feruzi hakuizima. Tukasubiri. Kisha ikatoka sauti ya kijana, ya chini, ya mtu mwenye aibu.

"Mama, ni Hamisi. Mawese yamemwagika."

Mama Zaituni aliondoa kiganja kwenye kioo, akajifunga kanga upya, akatembea mpaka getini akiwaambia watu wote kwamba mwanawe ni mzembe tangu utotoni. Alisema hivyo akicheka na machozi yakimtoka, na watu wakamkumbatia.

Boti za kuwachukua zilikwenda na wote walirudi. Kabati halikuvunjwa.

Siku chache baadaye, tukisafisha feni, nilimuuliza Bwana Feruzi jinsi wazo lile lilivyomjia.

"Hewa haina hataza," alisema. "Sauti ikishatoka kwenye spika ni ya kila mwenye sikio."

"Na kama spika ya simu ingekuwa mbovu?"

Alipuliza vumbi kwenye brashi. "Ningekaa pale Jikoni, nikaweka chochote kinachohitajika kwa mikono yangu hii. Kisha ningeomba maji ya kunawa."

Hayo ndiyo maneno niliyotaka kuwasimulia. Mengine yalijimaliza yenyewe. Hataza za MP3 zilikuwa na muda wake kama kitu chochote cha serikali, na muda ukaisha. Habari aliileta Bwana Feruzi mwenyewe, alfajiri, uso umepooza kama mtu aliyefiwa na adui wa siku nyingi. Toleo lake safi limeifungulia MP3 mlango. Aliichomeka flashi ya Deo kwenye mashine ya hewani, akabonyeza, wimbo wa vijana wa Rusimbi ukatoka bila kupitia kwangu. Deo alicheza mpaka akaangusha kikombe. Bwana Feruzi alisikiliza wimbo wote, kisha akasema kwamba baada ya kungoja miaka yote hii alitegemea uwe mzuri zaidi.

Karatasi ya mlangoni aliitoa kwa uangalifu, akaikunja, akaitia mfukoni. Jikoni nikaipeleka stoo. Mjadala haukwisha, maana wale wa matoleo wakahamia kwenye vipande vya kadi za Wi-Fi, kama viingie kwenye diski ya kusakinishia au visiingie. Bwana Feruzi alisoma malumbano yao yote wakati wa chai na kututafsiria kama matokeo ya mpira. Upande wake ulipopigiwa kura na kushindwa, alifunga saumu siku hiyo. Alisema ilikuwa Alhamisi, siku ya sunna, angefunga tu.

Alistaafu kabla yangu, akarudi nyumbani Ujiji. Nami nilipostaafu nikapata muda wa kumtembelea. Mwezi uliopita nilimkuta mbele ya kompyuta yake, amenuna. Mwanawe wa Mwanza amepata mtoto, mjukuu wa kwanza, na ametuma video kwenye flashi kwa mkono wa jamaa aliyekuja na treni. Imerekodiwa kwa simu mpya, kwa namna mpya ya kubana picha, na namna hiyo ina hataza zake, nyingi kuliko za MP3. Kompyuta ya Bwana Feruzi ikatoa kioo cheusi na maneno ya kuomba radhi.

"Nipe niende nayo studio, vijana wanaigeuza mara moja," nilimwambia. "Au nikuletee simu ya Nakunda uione hapa hapa."

"Hapana, Mama Nakunda. Siwezi kumwona mjukuu wangu mara ya kwanza kupitia mlango wa nyuma."

"Hataza hizo zitaisha lini?"

"Nimeangalia. Atakuwa ameshaolewa."

Alizunguka chumba. Akasimama dirishani. Kisha akasema, kama vile wazo limetoka kwake, kwamba huenda ni bora apande treni aende Mwanza akamwone kwa macho. Mkewe, Bi. Mwajuma, aliyekuwa anatumiminia kahawa, alisema kwa upole kwamba hilo ni wazo zuri, na kwamba begi liko tayari chini ya kitanda.

Nilimfuata uani kumsaidia vikombe. Bi. Mwajuma alikuwa ameomba safari ya Mwanza tangu mimba ilipojulikana, na mumewe kila mara alikuwa na redio ya mtu ya kutengeneza. Nikamwambia ana bahati kwamba video ilikataa kufunguka.

Aliangalia mlangoni kuhakikisha kwamba mumewe hayupo karibu.

"Bahati gani? Mwanangu anamjua baba yake, alituma mbili. Moja ilikuwa ya hizo zake safi," alisema, akisuuza kikombe. "Mzee alipokwenda msikitini, kabla hajaziona, nikaifuta."